Nafaka Ikiadimika, Nani Abebe Hasara?



Leo safari yetu inaanzia bandari ya kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Wagiriki. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, aliandika kitabu kuhusu wajibu wa mtu kwa wenzake. Humo ndani akaweka fumbo alilolikuta kwa wanafalsafa wa Kigiriki. Rhodes kuna njaa. Mfanyabiashara ametoka Alexandria, Misri, na jahazi lililojaa ngano. Njiani ameziona meli nyingine nyingi zenye shehena kama yake, zote zinakuja huko huko. Yeye amezitangulia siku chache tu. Anatia nanga, watu wanamzunguka na fedha mkononi. Je, awaambie kwamba ngano nyingine iko njiani, bei ishuke papo hapo? Au anyamaze, auze kwa bei ya njaa?

Cicero alihukumu kwamba anayenyamaza ili afaidike na wenzake wasiojua lililo mbele yao, huyo si mtu mwema. Karne 13 baadaye Thomas Aquinas, mtawa na mwanazuoni mkubwa wa Kanisa, akalifungua tena jambo hilo hilo. Yeye akasema kwa haki tupu mfanyabiashara halazimiki kutangaza, maana anauza kwa bei aliyoikuta sokoni siku ile. Ila akitangaza, au akipunguza bei, atakuwa ametenda wema uliozidi haki. Wote wawili walikuwa na akili nyingi, na bado hawakukubaliana juu ya jahazi moja la ngano.

Nimeanza na jahazi hilo kwa sababu. Historia ya mawazo ya uchumi tumezoea kufundishwa kama msururu wa majina: Smith, Ricardo, Marx, Keynes, na mwanafunzi anakariri ili avuke mtihani. Mimi nataka tufuate kitu kimoja tu katika karne zote hizo, nacho ni nafaka. Kwenye nafaka wataalamu wote wamewahi kugombana, na hapo wazo likikosea, gharama yake huhesabiwa kwa makaburi.

Twende Madina kwanza. Imepokewa katika hadithi kwamba bei zilipanda, watu wakamwendea Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, wakamwomba apange bei. Akakataa, asije akamkuta Mola wake hali kuna mtu anayemdai kwa dhuluma katika damu au mali. Papo hapo mafundisho yake yakaharamisha kuficha chakula ili kingojee bei. Wanazuoni wakabaki na mambo mawili ya kuyalinganisha: mwenye mali ana haki yake, na mwenye njaa ana haki yake. Ibn Taymiyya wa Damascus, aliyefariki mwaka 1328, aliyapambanua vizuri sana. Bei ikipanda kwa sababu bidhaa zimepungua au walaji wameongezeka, alisema, kumlazimisha muuzaji ashushe ni kumdhulumu. Bei ikipanda kwa sababu wachache wameshikilia chakula ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho, mtawala ana wajibu wa kuingilia. Tazama alivyofanya: kabla ya kutoa hukumu alitaka kwanza kujua bei imepandishwa na nini. Wapo mawaziri wa zama zetu wanaotoa amri bila kuliuliza hilo.

Lakini mtu ninayemheshimu kuliko wote katika sehemu hii ni al-Maqrizi wa Cairo. Huyu hakukaa maktabani tu. Aliwahi kuwa muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko, mkaguzi wa mizani na vipimo vya jiji lile kubwa. Alihudhuria pia darasa za Ibn Khaldun, yule ambaye katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 alikuwa ameshaeleza kwamba kazi ya watu ndiyo chimbuko la mapato yao. Mwanzoni mwa karne ya 15 Misri ilipigwa na njaa kali baada ya mto Nile kushindwa kujaa, na al-Maqrizi akaandika kitabu kifupi kuhusu chanzo cha janga. Nile aliitaja, ila hakumwachia Nile lawama zote. Alitaja vyeo vilivyonunuliwa kwa rushwa, ambapo aliyenunua cheo lazima arudishe fedha zake kwa kuwakamua walio chini. Alitaja kodi za mashamba zilizopandishwa mpaka wakulima wakakimbia ardhi. Alitaja sarafu za shaba zilizomwagwa sokoni mpaka fedha ikakosa thamani. Kisha akafanya jambo ambalo wachache walilifanya kabla yake: akawagawa watu wa Misri katika matabaka 7, kuanzia wenye dola na matajiri wa biashara hadi mafundi, vibarua na ombaomba, akaeleza jinsi kupanda kwa bei kulivyomgusa kila mmoja kwa namna yake. Kwa al-Maqrizi, njaa haikuwa imeipata nchi tu. Iliwapata watu fulani, kwa njia fulani, wakati wengine walikula. Lishike hilo, msikilizaji, maana dunia ililisahau kwa zaidi ya karne tano.

Sasa tuvuke hadi Ufaransa ya karne ya 18. Kwa muda mrefu wafalme wa huko waliendesha biashara ya nafaka kama ulinzi wa jiji. Polisi walijua kila gunia linakotoka na linakokwenda. Kusafirisha ngano kutoka jimbo moja hadi lingine kulihitaji kibali. Na lengo kuu lilikuwa mkate wa Paris uwe rahisi, kwa kuwa Paris ikikosa mkate huingia mitaani. Mkulima ndiye aliyelipia utulivu huo.

Aliyesimama kumtetea mkulima alikuwa daktari. François Quesnay alikuwa tabibu katika kasri la Versailles, akimtibu Madame de Pompadour na mfalme Louis wa 15 mwenyewe. Mwaka 1758 alichora jedwali lililoonyesha jinsi mali inavyozunguka kutoka kwa mkulima kwenda kwa mwenye ardhi, kwenda kwa fundi, na kurudi shambani. Aliamini kwamba ardhi peke yake ndiyo inayozaa ziada, na kwamba kumnyima mkulima bei nzuri ni kuikausha nchi nzima. Kwa hiyo nafaka iachiwe, iuzwe popote, ndani na nje. Alikosea kudhani viwanda havizalishi ziada yoyote. Hakukosea alipoona kwamba nchi iliyomfanya mkulima wake fukara kwa ajili ya mji, mwishowe mji nao utafukarika.

Wafuasi wake walipata nafasi ya kujaribu. Sheria za mwaka 1763 na 1764 zililegeza biashara ya nafaka, mavuno yakaharibika, bei zikaruka, na kufikia 1770 serikali ikarudi nyuma. Mwaka huo huo wa 1770 kilitoka kitabu cha Ferdinando Galiani, kasisi wa Napoli aliyekuwa akifanya kazi katika ubalozi wa kwao mjini Paris. Galiani aliwakabili wafuasi wa Quesnay kwa hoja ninayotamani ingesomwa katika kila chuo chetu cha uchumi. Aliwaambia kwamba hakuna sera moja ya nafaka inayofaa nchi zote na nyakati zote. Mji mdogo usio na mashamba una mahitaji yake. Nchi kubwa ambayo ngano yake inalimwa mipakani, mbali na walaji, ina mahitaji mengine. Akaongeza jambo la muda: soko huenda likarekebisha upungufu, sawa, lakini hadi habari zifike, meli ipakie, ivuke bahari na ishushe, tumbo halingoji. Mwanafalsafa Diderot, rafiki yake, ndiye aliyekisimamia kitabu hicho kichapwe.

Hawakumsikiliza Galiani. Mwaka 1774 Turgot, mtu mwadilifu na mwenye bidii, alipewa wizara ya fedha, na mwezi Septemba akaifungua tena biashara ya nafaka. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Aprili na Mei 1775 zikalipuka ghasia zaidi ya 300 kuizunguka Paris, zilizokuja kuitwa Vita vya Unga. Wanahistoria wameona kwamba katika sehemu nyingi watu wale hawakuiba. Waliwazunguka wenye maghala, wakaichukua ngano, wakalipa. Walilipa bei waliyoiona ya haki. Yaani mama mwenye kikapu kijijini alikuwa na nadharia yake ya bei, ya zamani kuliko ya waziri, na aliiamini kiasi cha kuwakabili askari. Serikali ilitoa askari 25,000. Wanaume wawili walinyongwa hadharani Paris. Turgot alifukuzwa kazi mwezi Mei 1776.

Miezi miwili kabla ya kufukuzwa kwake, tarehe 9 Machi 1776, kitabu cha Adam Smith, Utajiri wa Mataifa, kilitoka London. Smith alikuwa amekaa Paris miaka kumi nyuma, akazungumza na Quesnay na Turgot ana kwa ana. Katika kitabu chake aliweka sehemu ndefu ya pembeni juu ya biashara ya nafaka, na humo akamtetea mtu anayechukiwa kuliko wote sokoni: mfanyabiashara wa nafaka. Hoja yake ina nguvu. Mfanyabiashara akihisi mavuno ni madogo, hupandisha bei mapema. Watu wanalazimika kubana matumizi mapema. Chakula kinadumu hadi msimu ujao. Smith alimfananisha na nahodha anayepunguza posho ya mabaharia akiona chakula hakitafika safari. Akasema upungufu huletwa na misimu mibaya, ila njaa yenyewe huletwa na serikali zinazotaka kuuponya upungufu kwa amri zisizofaa. Mfano wake mmoja ulikuwa Bengal, India, kwenye ukame wa 1770, ambako watumishi wa Kampuni ya East India waliweka vizuizi katika biashara ya mchele. Smith aliona huenda vizuizi hivyo vilisaidia kuugeuza upungufu kuwa njaa.

Likumbuke jina hilo, Bengal. Tutarudi huko.

Hoja ya nahodha inanitia wasiwasi mahali pamoja. Ndani ya meli, posho ikipunguzwa, hupunguzwa kwa wote. Sokoni, bei ikipanda, mwenye fedha anaendelea kula kama jana, na asiye nazo ndiye anayebana matumizi kwa niaba ya nchi nzima. Smith aliwajali maskini kwelikweli, asomaye kitabu chake anaona. Lakini katika sehemu ile ya nafaka hakuuliza swali la al-Maqrizi: njaa inampata nani?

Uingereza ilichelewa kumfuata Smith. Mwaka 1815, vita vya Napoleon vikiisha, Bunge lililojaa wenye mashamba lilipitisha sheria kuzuia ngano ya nje isiuzwe mpaka bei ya ndani ifikie shilingi 80 kwa kipimo chao cha kilo 200 na ushei. Wachumi wawili marafiki wakagawanyika. Malthus aliunga mkono: nchi isitegemee chakula cha wageni. Ricardo alipinga, na katika kupinga akatupa mojawapo ya hoja safi kabisa katika taaluma hii. Bei ya nafaka ikipanda, alieleza, watu hulima hata ardhi mbovu. Mwenye ardhi nzuri, bila kunyanyua jembe, anapata kodi kubwa zaidi. Mshahara unapanda ili mfanyakazi aweze kula. Na faida ya mwenye kiwanda inashuka. Kodi kubwa ya ardhi haipandishi bei ya ngano. Bei ya ngano ndiyo inayopandisha kodi ya ardhi. Ricardo mwenyewe alikuwa mwenye ardhi, na nadharia yake ilipinga masilahi yake. Sheria zile zilifutwa mwaka 1846, baada ya kampeni ya miaka kadhaa iliyoongozwa na wenye viwanda wa Manchester, na waziri mkuu Peel akakipasua chama chake kwa ajili hiyo.

Kufikia hapo mwenye kupenda mawazo anaweza kushangilia: hoja nzuri imeishinda sheria mbaya. Lakini Malthus alikuwa na kazi nyingine. Tangu mwaka 1805 hadi kufa kwake mwaka 1834 alikuwa mwalimu wa uchumi katika chuo cha Haileybury, kilichowaandaa vijana kwenda kuitawala India kwa niaba ya Kampuni ya East India. Kijana mmoja aliyepita hapo aliitwa Charles Trevelyan. Miaka ya 1840 Trevelyan ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa Hazina mjini London, ugonjwa wa viazi ulipoingia Ireland.

Mkulima mdogo wa Ireland alilima nafaka kumlipa mwenye ardhi, na viazi kwa ajili ya kula. Viazi vilioza kuanzia 1845. Nafaka ilikuwapo, ila ilikuwa ya kodi. Peel alinunua mahindi kutoka Marekani kimyakimya. Serikali iliyomfuata, na Trevelyan akiwa na nguvu Hazina, ikaamini kwamba serikali ikiuza chakula kwa bei rahisi itawavunja moyo wafanyabiashara, hivyo soko liachwe lifanye kazi yake. Ng'ombe, siagi na shayiri viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Kiangazi cha 1847 majiko ya supu yaliwalisha watu karibu milioni 3 kwa siku, na kwa kufanya hivyo serikali ile ikathibitisha kwamba inaweza, kisha ikayafunga. Watu kama milioni 1 wakafa. Wengine zaidi ya milioni wakakimbia nchi.

India nako. Mwaka 1873 na 1874 Bihar ilipokumbwa na ukame, ofisa aitwaye Richard Temple aliagiza mchele mwingi kutoka Burma, akagawa, na waliokufa kwa njaa walikuwa wachache mno. Akalaumiwa kwa kutumia fedha nyingi. Miaka mitatu baadaye Madras ikakauka. Temple huyo huyo, akiwa amejifunza nini kinachowapendeza wakubwa wake, akatumwa kwenda kubana matumizi. Mtu aliyefanya kazi ya sulubu ya kuvunja mawe kambini akapangiwa ratili moja ya nafaka kwa siku na visenti kidogo. Daktari William Cornish, kamishna wa afya wa serikali huko Madras, alipinga kwa maandishi, akionyesha kwamba mwili wa mtu anayefanya kazi hauwezi kuishi kwa kipimo kile. Lytton, mtawala mkuu wa India, alikataza serikali kuingilia bei. Ngano iliendelea kusafirishwa nje. Waliokufa kati ya 1876 na 1878 walizidi milioni 5. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu waliotoa amri zile walisoma. Walikuwa na vitabu vizuri. Walichukua hoja iliyotungwa kwa ajili ya jahazi linalofika kwenye bandari yenye watu wenye fedha, wakaitumia kwa watu wasiokuwa na hata senti ya kuliita jahazi hilo lije.

Kutokana na maafa hayo, tume ya njaa ya mwaka 1880 iliandika jambo la busara: ukame unapompata kibarua, kinachoondoka kwanza ni kazi yake, na kazi ikiondoka hana cha kununulia. Kanuni za njaa zilizofuata zikasisitiza kumpa mtu ajira na ujira mapema. Ni mbegu nzuri, ingawa ilipandwa juu ya makaburi.

Ulaya yenyewe ikaacha kulifikiria swali hili. Reli na meli za mvuke zilileta ngano ya Marekani na ya Urusi kwa bei rahisi, mkate ukaacha kuwa hofu. Wachumi Jevons, Walras na Marshall wakaigeuza taaluma kuelekea hesabu za mahitaji na ugavi, kazi nzuri yenye manufaa hadi leo. Ila naamini hilo limetuathiri sisi: uchumi uliofika katika vyuo vyetu ulikuwa umeandikwa na watu ambao nchi zao zilikuwa zimeshasahau njaa.

Aliyeirudisha njaa mezani alitoka Bengal. Amartya Sen alizaliwa Santiniketan mwaka 1933. Alikuwa mtoto wa miaka kama 10 Bengal ilipopatwa na njaa ya 1943, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 3. Alipokuwa mchumi akazirudia takwimu, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1981 akaonyesha kwamba chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 hakikuwa kidogo kuliko cha mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Kilichotokea ni kwamba vita vilimwaga fedha Calcutta, serikali ikawalinda wafanyakazi wa jiji kwa chakula cha bei rahisi, bei ya mchele ikaruka mara kadhaa, na ujira wa kibarua wa kijijini ukabaki pale pale. Mvuvi hakupata wa kumuuzia samaki. Kinyozi hakupata wa kumnyoa. Walikufa wakiutazama mchele. Wapo watafiti wanaosema Sen alipunguza mno uzito wa kimbunga na ugonjwa wa mpunga wa mwishoni mwa 1942, na ubishi huo una haki yake. Lakini swali alilibadilisha kabisa. Badala ya kuuliza nchi ina chakula kiasi gani, akauliza ni nani mwenye njia ya kukipata. Ni swali la muhtasibu wa Cairo, limerudi likiwa na takwimu.

Mwaka huo huo wa 1981, msikilizaji, yalitoka maandishi mengine mawili yaliyotugusa sisi moja kwa moja. Robert Bates, Mmarekani, aliandika kwamba serikali nyingi za Afrika zinashusha bei ya mkulima kwa sababu zinaogopa mji, jambo ambalo Quesnay angelitambua mara moja. Na Benki ya Dunia ikatoa ripoti iliyosimamiwa na Elliot Berg, ikizitaka serikali zetu ziachie masoko. Ripoti ya Berg ikawa sera. Kitabu cha Sen kikawa cha kusomwa.

Tanzania ilikuwa na njia yake. Tangu katikati ya miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alipata sawa na wa Morogoro, gharama ya lori ikabebwa na Shirika. Wachumi waliicheka bei hiyo, na kweli madeni ya Shirika benki yalifika pabaya. Lakini Rukwa na Ruvuma, mikoa ambayo ukoloni uliiacha iwe ya kutoa manamba tu, yaani vibarua wa mashamba makubwa, ilianza kulima mahindi ya kulisha taifa. Iringa na Mbeya nazo zikawa ghala. Hapo hasara ya Shirika ilinunua kitu, na mizani ya haki ingelipima hilo pia. Upande wa pili, waliokuwa karibu na soko la Dar es Salaam waliuza kwa mlango wa nyuma, na bidhaa zikafichika. Mwaka 1983 kukawa na msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Halikuwa jambo jipya: Kaisari Diocletian alipopanga bei za vitu vingi katika dola ya Roma mwaka 301, kwa adhabu ya kifo, bidhaa zilitoweka sokoni vilevile. Mwaka uliofuata msako ule, 1984, ruzuku ya sembe iliondolewa, na kidogo kidogo vizuizi vya kusafirisha nafaka vikalegezwa. Zambia walipoondoa ruzuku ya unga wao Desemba 1986, miji ya Copperbelt iliwaka, watu wakauawa, na Rais Kaunda akairudisha. Kenya mwaka 2017 serikali iliuza pakiti ya unga ya kilo 2 kwa shilingi 90. Mwaka 2022 Rais mpya akaacha ruzuku ya unga akaipeleka kwenye mbolea. Mlaji au mkulima: Paris ya 1775 nzima imo ndani ya uamuzi huo mmoja.

Na sisi Tanzania tuna desturi yetu ya kufunga mpaka. Mwaka 2011 tulizuia mahindi kwenda nje, mwaka 2017 tukazuia tena. Sababu inayotolewa ni usalama wa chakula, na sababu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini ukiuliza kama al-Maqrizi, unaona mkulima aliyekopa pembejeo akivuna bei iliyoanguka, mnunuzi akimjia na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa sababu anajua hana pa kwenda, na faida ya agizo ikimfikia hata mkazi wa mjini mwenye magari mawili, anayenunua sembe kwa bei ile ile anayonunua mpika vitumbua wa Tandale. Tumemtoza kodi mmoja wa watu maskini kuliko wote nchini, bila Bunge kuipitisha, ili kumsaidia kila mtu kwa kipimo sawa.

Mimi naona kama taifa linataka unga uwe rahisi mjini, basi Hazina ilipe, na kiasi kisomwe bungeni. Mwenye njaa apewe fedha au kazi mapema, kama ilivyosema ile tume ya 1880. Na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, uliopo tangu 2008, upewe uwezo wa kununua msimu mzuri na kuuza msimu mbaya. Keynes aliandika kuhusu akiba za namna hiyo mwaka 1938, na Nabii Yusuf aliifanya kazi hiyo Misri kabla ya wachumi wote niliowataja. Lakini wakala anayetangaza bei yake mahindi yakiwa tayari yako chini ya turubai hajamsaidia mkulima kuamua chochote. Nyanda za Juu Kusini hupanda mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Bei ya kununulia na kiasi kitakachonunuliwa vitangazwe Oktoba, na mpaka uahidiwe kuwa wazi hadi mavuno hayo yauzwe.